Picha za ndege asubuhi ya ukungu: Myrtle Avenue, dirisha la Bath Road au vilima vya Manchester?

Siku ya kwanza nilipomwambia shangazi yangu wa Tanga kwamba Jumamosi nzima nilikuwa nje na kamera nikipiga picha za ndege, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Ndege gani hao, mwanangu? Wa mwituni au wa kufugwa?" Nikamweleza kwamba si hao wanaotaga, ni hizo zinazobeba watu. "Heee! Na baridi yote hiyo?" Kiswahili kinatutenganisha na wapiga picha wa wanyama kwa silabi moja tu: ndege ametua, ndege imetua. Ukiteleza hapo umehamia Mikumi.

Mambo mengi yanayoandikwa kuhusu kupiga picha za ndege huchukulia kwamba jua lipo. Liweke mgongoni, wanasema, na ukimbie saa za mchana lami inapochemka na kuitetemesha picha. Kuanzia Novemba hadi Februari hapa Uingereza ushauri huo hauna kazi. Unaamka, unavuta pazia, nje ni kama Limuru mwezi wa Julai: nyumba ya jirani ipo, mti wake haupo. Wengi hurudi kulala. Kwangu mimi hizo ndizo asubuhi za kutoka, ila si kila mahali panafaa kila ukungu, na nauli ya kwenda pasipofaa hairudishwi.

Mahali ninapoulizwa sana ni patatu. Pa kwanza ni Myrtle Avenue, kiwanja kidogo cha nyasi mwisho wa mtaa wa makazi, upande wa mashariki wa Heathrow, ambako ndege zinazotua hupita karibu na kichwa chako. Pa pili ni dirisha la hoteli kwenye Bath Road, kaskazini mwa Heathrow hiyohiyo; hoteli ziko kadhaa, na Renaissance ndiyo wapenda ndege wanayoitaja zaidi. Pa tatu ni Runway Visitor Park ya Manchester, bustani yenye vilima vya udongo vilivyoinuliwa ili uone juu ya uzio. Nimesimama kote huko, mara nyingine nikarudi na picha, mara nyingine na mafua.

Ukungu gani, kwanza?

Sisi tunauita wote ukungu. Watu wa hali ya hewa viwanjani wana kipimo. Ukishindwa kuona mita 1,000, huo ni ukungu mzito, wanauandika FG. Kuanzia mita 1,000 hadi 5,000 ni ukungu mwepesi, wanauandika BR, kutokana na neno la Kifaransa brume. Herufi hizo ziko kwenye METAR, ripoti fupi inayotolewa na Heathrow na Manchester kila nusu saa, ambayo yeyote anaisoma bure kwenye simu.

Tuseme umeamka ukakuta EGLL, kisha 00000KT 0400 FG VV001 02/02. Maana yake: Heathrow, upepo hakuna, unaona mita 400, ukungu mzito, ukitazama juu huoni zaidi ya futi 100, joto nyuzi 2 na kiwango cha umande nyuzi 2. Hizo namba mbili za mwisho ndizo ninazozifuatilia nikiwa kwenye treni. Zikilingana, hewa imeshiba maji. Ripoti inayofuata ikisema 04/02, halafu 06/02, ukungu unaanza kufungasha, na una kama saa moja ya mwanga mzuri kuliko wote wa siku hiyo.

Wageni huangalia ile 0400 peke yake. Hicho ni kipimo cha ardhini. Ndege haiko ardhini mpaka iguse lami. Kwa kawaida ndege za abiria hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3, yaani kwa kila kilomita moja kabla ya kizingiti cha njia ya kurukia, ndege iko juu zaidi kwa mita 52 hivi, na pale kizingitini penyewe hupita na mita 15 chini ya magurudumu. Aliyesimama kilomita moja kabla ya kizingiti atapitiwa na ndege iliyo mita 65 au 70 juu. Kama ukungu unakuruhusu kuona futi 100 kwenda juu, yaani mita 30, utaisikia ndege nzima na hutaona hata taa.

Halafu kuna aina ya tatu, ninayoipenda kupita zote: ukungu unaolala chini. Usiku mrefu usio na mawingu wala upepo, ardhi inapoteza joto, hewa iliyoigusa inapoa, na asubuhi unakuta shuka jeupe lenye kina cha mita chache tu, juu yake anga safi. Ukungu huu mara nyingi huisha kabla ya saa tano asubuhi, kwa hiyo anayechelewa kuamka hausikii ila kwa kusimuliwa.

Ninavyopima

Kwanza umbali, kwa sababu ukungu hula masafa. Lenzi ya milimita 600 haikusaidii ikiwa kati yako na ndege kuna mita 500 za maziwa. Utapata maziwa makubwa zaidi. Pili, kama ndege utaipata ikiwa hewani au ardhini. Tatu, mwanga na kilicho nyuma ya ndege. Nne, upepo, maana ndio unaoamua njia gani itumike na upande gani. Mwisho starehe na gharama. Starehe wengi huiweka mkiani, mpaka vidole vikatae kubonyeza.

Myrtle Avenue, London

*Umbali na kimo.* Hapa ndipo karibu zaidi kati ya yote matatu kwa ndege iliyo hewani. Njia ya kusini, ile ya 27L, inaanza kama kilomita moja magharibi mwa unaposimama, na ndege inapita pembeni kidogo ya nyasi. Ukiona mita 800 na mawingu yakianzia futi 300 au zaidi, ndege inatokea ghafla, taa kwanza, kisha pua, kisha mabawa, na kabla hujameza mate imekupita. Lenzi ya 70-200 inatosha; kwa A380, lile jitu la ghorofa mbili, hata milimita 70 ni nyingi.

Asubuhi moja ya Januari tulikuwa watu sita pale, mabega yamepanda hadi masikioni. A380 ilipita, injini zikafifia kuelekea uwanjani, tukadhani imekwisha. Kisha juu yetu ikasikika sauti kama doti ya kanga ikipasuliwa katikati. Ni hewa iliyosokotwa na ncha za mabawa, ikishuka polepole baada ya ndege kwenda. Siku ya jua utaisikia tu. Siku ile tuliiona: ukungu ulijikunja kama moshi wa udi, duara mbili zikazunguka kinyume, zikaja mpaka kwenye miti ya mwisho wa kiwanja. Wenzangu wote walikuwa wameshainamia skrini kuangalia picha za ndege. Nilipata picha mbili za moshi ule, nami sizibadilishi na ndege yoyote.

*Mwanga.* Siku ya kawaida Myrtle Avenue hupendwa kwa sababu uko kusini mwa ndege na jua liko nyuma yako. Ukungu unafuta faida hiyo. Mwanga unatoka kila upande na haupendelei mtu. Nyuma ya ndege hakuna kitu ila weupe. Anayetaka kusoma namba ya usajili atafurahi. Anayetaka picha yenye hadithi, yenye taa za njia, minara na watu, atachoka haraka.

*Upepo na njia.* Sehemu hii isome mara mbili kabla ya kukata tiketi. Heathrow hupendelea shughuli za kuelekea magharibi, na hata upepo mwepesi sana ukitoka mashariki huendelea hivyo hivyo, kwa hiyo siku tulivu ya ukungu bahati kubwa iko upande wako. Lakini njia mbili za Heathrow hubadilishana zamu saa tisa alasiri: wiki moja ndege hutua kusini asubuhi na kaskazini alasiri, wiki inayofuata kinyume. Ratiba ya zamu huchapishwa na uwanja wenyewe. Ukienda Myrtle asubuhi ya wiki ya kaskazini utasimama peke yako na mbwa wa mtaa. Na upepo wa mashariki ukishika kweli, ndege za kutua huhamia upande wa pili wa uwanja, unabaki na zinazopaa, ambazo zikikufikia zimeshapanda na kumezwa.

*Starehe na gharama.* Nauli ya treni ya Piccadilly hadi Hatton Cross, kisha mwendo mfupi kwa miguu. Choo hakuna, paa hakuna, na nyumba za watu ziko hapohapo, kwa hiyo sauti iwe ya msibani na gari usiliegeshe mbele ya geti la mtu. Kuhusu ruhusa, kupiga picha ukiwa mahali pa umma Uingereza si kosa. Askari akikuuliza, jibu kwa utulivu na umwonyeshe picha. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tumetoka mahali ambapo kutoa kamera karibu na uzio wa uwanja wa ndege ni kujitafutia siku ndefu na maelezo mengi, na mkono hutetemeka hata pale ambapo hapana haja. Kitu cha kuacha nyumbani ni redio ya kusikiliza marubani. Hapa kisheria hairuhusiwi. Flightradar24, programu ya simu inayoonyesha ndege gani iko wapi, inatosha.

*Inamfaa* mwenye siku moja, bajeti ndogo, koti zito, na hamu ya ndege yenyewe.

Dirisha la Bath Road, London

*Umbali na kimo.* Kutoka hoteli hizi hadi katikati ya njia ya kaskazini ni kama mita 400, na katikati yake iko barabara yenye magari. Ukungu wa mita 400 utakupa taa za magari na kitu cha kijivu kinachopita. Hapo ndipo watu huondoka wakilalamika. Lakini ukungu mwepesi, mita 2,000 au 3,000, unaigeuza hesabu yote, kwa kuwa uko juu. Omba ghorofa ya juu kabisa inayotazama uwanja, na ulitaje ombi hilo unapoweka nafasi, si unapofika. Vyumba vya upande wa pili hutazama maegesho.

Na ule ukungu unaolala chini? Hapa hakuna pa kushindana na dirisha. Unaamka saa moja na nusu, chai mkononi, na mbele yako kuna bahari nyeupe. Ndege zenyewe huzioni. Unaona mikia tu, rangi za mashirika ya nusu dunia, ikikata ukungu kama mapezi ya papa, inageuka, inasimama foleni. Mkia wenye nyekundu, nyeusi na kijani ukipita kati yake, mtu wa Nairobi hahitaji programu kumwambia huo ni wa nani.

*Mwanga.* Unatazama kusini, kwa hiyo jua la majira ya baridi, ambalo hapa halipandi juu, liko usoni kwako mchana kutwa. Siku safi ni kasoro kubwa. Siku ya ukungu mwepesi ni zawadi: mwanga unapenya kutoka nyuma ya ndege na kila kitu kinakuwa kivuli chenye tabaka, cha karibu cheusi, cha mbali kijivu, cha mbali zaidi hakipo.

Adui ni kioo. Madirisha ya hoteli za pale ni ya tabaka zaidi ya moja ili kuzuia kelele, na kila tabaka lina taswira yake ya uso wako. Zima taa zote, funga mlango wa bafu, vaa fulana nyeusi, na uigusishe lenzi kwenye kioo ukiwa umeizungushia sweta. Piga kwa kunyoosha, usipige kwa mshazari. Kioo kinene kikipigwa mshazari hukuletea mikia miwili kwa ndege moja. Wenzangu wengine husafiri na kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi. Nilicheka nilipokiona mara ya kwanza. Sasa ninacho.

*Upepo na njia.* Uko upande wa njia moja tu, lakini njia hiyo ina kazi pande zote. Zamu ya kutua ikiwa kaskazini, unaona zikigusa na kupunguza mwendo; ikiwa kusini, kaskazini hutumika kupaa. Upepo wa mashariki ukishika, kwa kawaida zinazotua ndizo zinazokuja upande wako. Yaani siku ambayo Myrtle Avenue imekufa, dirisha linaweza kuwa hai.

*Starehe na gharama.* Starehe kamili, bei kamili. Wanaokwenda wawili wakagawana chumba hulipa kama tiketi ya mpira. Ukungu usipoondoka umelala pazuri. Ukungu usipokuja kabisa umelipia usiku mmoja kwenye kelele.

*Inamfaa* anayependa mandhari kuliko ndege moja moja, mwenye magoti au kifua kisichopenda baridi, na anayepita Heathrow kwa safari ya kesho yake hata hivyo.

Runway Visitor Park, Manchester

*Umbali na kimo.* Hapa ndege unaipata ardhini au ikiwa imeinuka kidogo tu, na hilo ni jambo kubwa siku ya ukungu: mawingu yakishuka hadi futi 100, aliye Myrtle anasikiliza redio ya injini, wewe bado unaona. Zinazotoka njiani baada ya kutua, au zinazoelekea mwanzo wa njia, hutembea karibu na vilima kuliko zile zilizo njiani. Siku ya ukungu mzito mimi huiacha njia kabisa, natazama hizo zinazotembea.

*Mwanga.* Vilima viko kaskazini magharibi mwa njia, kwa hiyo asubuhi unatazama jua. Wapenda ndege wa Manchester wamelalamikia jambo hili miaka nenda miaka rudi. Ukungu huwanyamazisha. Tena taa za mbele za ndege inayokuja hujichora hewani kama fimbo mbili nyeupe, na ukiwa upande huu wa mwanga unaziona vizuri.

*Upepo na njia.* Manchester ina njia mbili sambamba, ya pili ilifunguliwa mwaka 2001, na kati yake ni mita 390 tu. Upepo wa kawaida ni wa kusini magharibi. Njia zote zikitumika, zinazotua hutumia ya karibu na zinazopaa hutumia ya mbali, nazo hizo za mbali usizihesabu siku ya ukungu. Njia moja ikitumika, unapata zote mbele yako. Upepo ukigeuka mashariki, foleni ya kupaa hujipanga upande wa vilima. Jingine: ukungu wa Manchester mara nyingi ni mawingu yaliyoshuka na manyunyu kutoka magharibi, si lile shuka la Heathrow. Usiusubiri uishe saa tano. Unaweza kukaa mpaka magharibi.

*Starehe na gharama.* Unalipia gari kuingia, choo kipo, kahawa ipo. Kutoka stesheni ya uwanja si mwendo wa kutembea na mkoba wa lenzi, kwa hiyo panga gari au teksi, na uangalie saa za kufungua. Faida ambayo wale wawili hawana ni kwamba ukungu ukishinda, siku haijafa. Shemeji yangu anayeishi jirani alinipigia asubuhi moja nikiwa njiani: "Shem, usije, huku hata uzio hauonekani." Nilikwenda. Tukaishia ndani ya hangari ya Concorde, ndege nyembamba iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, ile ya usajili G-BOAC iliyoletwa hapo Oktoba 2003, British Airways ilipoacha kuzirusha. Watoto wake walihesabu madirisha yake madogo yote. Walipotoka waliona Boeing ya kawaida ikipita kwenye kijivu, wakasema ni nene.

*Inamfaa* mwenye familia, anayejifunza kamera, na anayekwenda siku ambayo utabiri hauaminiki.

Kamera, popote utakapokwenda

Kamera hudhani kila weupe ni kijivu, kwa hiyo picha ya ukungu hutoka chafu kama maji ya kufulia. Ongeza mwanga kwenye kipimo cha +/- cha kamera, kati ya theluthi mbili za hatua na hatua moja na theluthi. Piga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalipika. Kasi isishuke chini ya 1/500 kwa ndege iliyo hewani, na usiogope kupandisha usikivu wa mwanga hadi ISO 1600. Chembe huvumilika, mtikisiko hauvumiliki. Lenzi ikianza kwenda mbele na nyuma ikitafuta pa kushika, ipe taa ya mbele ya ndege kwa nukta moja ya katikati. Ikikataa, ilenge kwa mkono kwenye ndege iliyotangulia na uiache hapo.

Tukirudi nyumbani, programu za kuhariri zina kitelezi cha kuondoa ukungu. Kisukume kidogo. Nimeona watu wakikisukuma mpaka mwisho, ndege inatoka na ukoko mweusi kama wali wa chini ya sufuria, na ukungu waliouamkia saa kumi na moja alfajiri haupo tena.

Sasa wewe uko hali gani?

Uko London, una asubuhi moja, METAR inasema BR, mawingu futi 400 au zaidi, na zamu ya kutua ni ya kusini: nenda Myrtle Avenue, ufike kabla ya saa mbili. Kama yote hayo ni kweli isipokuwa zamu, aidha nenda baada ya saa tisa alasiri, ukikumbuka kwamba Desemba giza linaingia saa kumi, au usubiri wiki ijayo. Hapo katikati hakuna ujanja.

Ripoti inasema FG na VV001: Myrtle usiende. Kama uko kaskazini ya nchi, nenda Manchester ukapige zinazotembea ardhini. Kama uko London na huna chumba, lala, uamke saa nne uangalie zile namba za joto na umande. Kumbuka pia kwamba ukungu mzito huwalazimu waongozaji kuongeza nafasi kati ya ndege, ili mawimbi ya mitambo ya kuongozea kutua yasivurugwe na ndege iliyo mbele, kwa hiyo hata ukienda utaona ndege chache na mbao za kuahirishwa nyingi.

Utabiri wa usiku unasema anga wazi, upepo hakuna, baridi karibu na sifuri: hiyo ndiyo siku ya kutoa pesa ya dirisha, ukiwa nayo. Huna? Vilima vya Manchester vinaweza kukupa mikia hiyohiyo juu ya shuka, kwa kimo kidogo zaidi.

Unakwenda na watoto, au na mzee ambaye amekuja kutembea kutoka nyumbani na anataka kuona ndege "kwa macho yake": Manchester, bila mjadala. Uko na mwenzi ambaye hapendi ndege: dirisha, na umwache alale.

Unatoka kwenye baridi kuingia chumba chenye joto? Ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache humo saa nzima, la sivyo umande utaingia hadi ndani ya lenzi. Na betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili. Baridi ya saa moja asubuhi huila kabla A380 ya kwanza haijatokea.